Siku Niliyojibu "Bado"

Ninyi vijana mnafunga ruta kwa dakika ishirini, simu imebanwa begani na kashata iko mdomoni. Siwasingizii, nimewaona. Mwezi uliopita nilikwenda kuchukua dawa yangu ya presha hapa Msambweni, nikawakuta mafundi wawili wanafunga mtandao. Mmoja alikuwa ameingiza mkono nyuma ya kabati la chuma, mwenzake yuko ukumbini kwenye swichi. Wa ndani akauliza, "Stima bado?" Wa nje akajibu, "Bado." Nilipiga ukelele hata muuguzi akaja mbio akidhani nimezidiwa. Wale vijana walinitazama, wakatazamana, na mmoja akaniletea kiti kwa heshima, kama anavyoletewa bibi aliyeanza kuchanganyikiwa.

Sikuchanganyikiwa. Kiti nilikikalia, lakini akili zangu ninazo. Nawaandikieni mjue kwa nini nilipiga kelele. Na nawaambia mapema, msije mkasema bibi anatupeleka mbio bila kutuambia tuendako: kwa neno hilo hilo, miaka ya tisini inakwisha, nilikaribia kumwua mwalimu wangu.

Jina langu ni Mwanamisi. Nilifanya kazi katika hoteli moja ya Diani, jina lake nitaliacha. Miaka kumi na mmoja nilikuwa opereta wa simu. Nilikaa mbele ya meza yenye taa ndogo ndogo, nikawaunganisha wageni na makwao, na jambo la kwanza nililofundishwa, kabla hata sijaonyeshwa choo cha wafanyakazi, ni kwamba mgeni akizungumza hakatwi. Hata nyumba ikiungua, mgeni anamaliza kwanza. Basi wenye hoteli, waliokuwa ng'ambo, wakataka kompyuta zetu zizungumze na zao mchana kutwa bila ya mtu kupiga simu. Ikaletwa ruta, mtambo wa kuzungumzisha kompyuta, kwenye katoni kubwa, imezungukwa na sponji pande zote, na ikaletwa kazi ya kuifunga. Meneja akauliza nani anazijua nyaya za jengo hili. Wanaume wa karakana wakatazama viatu vyao. Mimi nikasema nazijua. Walicheka, na mmoja alisema mwanamke na stima wapi na wapi. Nikamwambia, wewe hata pasi ya kunyoosha nguo unapigiwa na mama yako.

Fundi aliyepewa kazi ile alikuwa Mutua, Mkamba wa Shimba Hills. Wazazi wake walitoka bara wakapata shamba kule kwenye makazi yaliyogawiwa na serikali, naye akakulia kati ya minazi na mahindi. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini hivi, mpole, mwenye kuimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini kila alipokaza skrubu. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo, fundi." Akanijibu, "Shikamoo pia." Nilijificha uso kwa ncha ya leso nisionekane ninavyocheka. Baadaye nikamfundisha kusema marahaba, naye akanifundisha mengine yote.

Somo lake la kwanza lilikuwa bangili. Nilikuwa na bangili sita za fedha, tatu kila mkono, na pete ya ndoa. Akaniambia chuma chochote mwilini kivuliwe kabla ya kugusa kabati, kwa sababu stima haijui urembo, yenyewe hutafuta njia tu. Nikazivua, nikazifunga kwenye leso, na jioni nikazisahau hukohuko kazini. Nilipofika nyumbani mikono mitupu, mama mkwe akapiga kite na kuketi chini. Alidhani mwanawe, aliyekuwa safarini Mombasa, amekufa na mimi nimeshaanza eda bila kumwambia mtu. Nililala usiku ule nikiwa nimesamehewa nusu. Lakini tangu hapo sikuingia chumba cha mitambo na bangili, na ninyi mnaovaa mikufu na saa za chuma nzito, mvue. Mama wakwe watazoea.

Somo la pili lilikuwa uzito. Ruta ile ilikuwa nzito kama mtoto wa miaka mitatu aliyelala, na kila mzazi anajua mtoto aliyelala huongezeka. Raki, lile kabati la chuma, lazima lishikwe na bolti sakafuni kabla ya kupandisha kitu chochote, na vilivyo vizito vikae chini. Mimi nililijifunza hilo kwa aibu. Siku moja nilivuta nje trei ya mtambo wa simu ili nitoe vumbi, na trei ilikuwa juu, na bolti moja ya sakafuni ilikuwa imeliwa na kutu. Raki zima likanielekea. Mutua alikuwa karibu, akalipokea kwa mgongo wake, akasimama vile vile huku akiniambia taratibu nirudishe trei. Hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba huku kwenu chumvi ya bahari inakula chuma hata ndani ya nyumba, kwa hiyo usiamini bolti mpaka uitikise.

Na kupandisha ruta ni kazi ya watu wawili, usinidanganye na misuli yako. Mmoja anabeba, mwingine anafunga. Skrubu za chini kwanza, kisha za juu, na usikaze hata moja mpaka zote nne zimeshika. Anayebeba haachii mpaka anayefunga amemwambia, na anayefunga hasemi mpaka ametikisa kwa mkono wake. Juu na chini ya ruta acha nafasi ya hewa. Matundu yaliyobaki wazi kwenye raki yazibwe kwa vibati, kwa ajili ya mjusi kafiri. Mtacheka, lakini mjusi kafiri anapenda joto, na mtambo una joto. Mmoja aliingia kwenye mtambo wetu wa simu, akakanyaga pasipokanyagwa, na hoteli nzima ikakaa kimya kuanzia chai ya asubuhi mpaka chakula cha mchana. Tulimkuta amekauka, mikono ameitandaza.

Kuhusu hewa nina kisa kingine, cha miezi kadhaa baada ya ruta kufungwa. Ilianza kuzimika yenyewe kila alasiri. Tulibadilisha nyaya, tukapiga simu Mombasa, tukaambiwa labda ni mbovu irudishwe. Kumbe mama mmoja wa usafi, kwa mapenzi yake, alikuwa anaifunika kwa kitambaa cha kufuma, kile chenye maua, kama afunikavyo redio na televisheni nyumbani kwake, ili isiingie vumbi. Asubuhi alikitoa akakifua, mchana akakirudisha. Na angalau alikuwa ametuonyesha kwamba anaiheshimu. Nilimwomba kitambaa kile nikakitandika chini ya simu yangu, naye akafurahi.

Waya wa ardhini nao ulitutesa. Kila mtambo lazima uwe na waya unaoteremka mpaka kwenye udongo, ili stima ikipotea njia iende ardhini isije kwa mtu. Sasa Diani chini ni matumbawe. Unapiga nondo, inaingia mkono mmoja, inagonga jiwe kavu, na jiwe kavu halipokei stima. Mutua alizunguka jengo zima akigonga gonga, mpaka akafika nyuma ya chumba cha dobi, pale maji ya kufulia yanapomwagwa. Hapo udongo ulikuwa mweusi na umelowa mwaka mzima. Nondo ikazama yote. Alicheka peke yake, akaniambia stima nayo inapenda mahali mtu amefua. Waya wetu ukapita nyuma ya kamba za mashuka, na watu wa dobi walitutukana kwa wiki mbili.

Nawaeleza haya mjue mtu huyu alikuwa wa namna gani. Hakuwa mzembe. Alikuwa na testa, bisibisi ile yenye kitaa kidogo ndani, na alinifundisha kuitumia mara tatu kila wakati: kwanza mahali unapojua pana stima, uone kama kitaa kinawaka, pili mahali unapotaka kushika, tatu urudie pale pa kwanza, uhakikishe testa haikufa katikati ya kazi. Mtu hujidanganya, aliniambia, na testa pia hufa. Na aliniambia jambo jingine nikalisikia kwa sikio moja: mtu akishikwa na stima usimshike. Kata kwanza, mbio baadaye.

Sasa hilo neno. Diani ya siku zile stima ilikuwa inakatika hovyo, na ikikatika kila mtu alikuwa na swali moja tu, jikoni, dukani, mapokezi: "Stima bado?" Maana yake, haijarudi? Na aliyejibu "bado" amesema haijarudi, endelea kungoja. Tuliulizana hivyo mara kumi kwa siku bila kufikiri. Hakuna mtu aliyewahi kulitia shaka neno hilo, maana hakuna mtu aliyewahi kuumia kwa kuambiwa asubiri.

Ilikuwa Jumatano, baada ya adhuhuri. Raki lilikuwa tayari, nondo tayari, ruta ingali kwenye katoni. Kilichobaki ni kufunga soketi mpya nyuma ya raki, pale ruta itakapochomekwa. Stima ya mle ilitoka kwenye ubao wa fyuzi uliokuwa upande wa pili wa ukuta, nyuma ya meza yangu ya zamani ya opereta. Fyuzi zilikuwa za kauri, zile za kizamani za kushika na kung'oa. Mbili ndizo zilizokuwa zetu. Taa za chumba zilikuwa na fyuzi yake nyingine, kwa hiyo mtu aliye ndani asingeweza kujua kwa kuangalia taa. Mutua akaingia nyuma ya raki, akapiga magoti, akaniambia nikang'oe fyuzi mbili. Ukutani palikuwa na tundu la kupitishia nyaya, na kupitia hapo tulisikilizana vizuri.

Nilikwenda. Nilifika, opereta wa zamu amekwenda kula, nikauweka mkono juu ya fyuzi ya kwanza. Halafu jicho likaenda kwenye meza, mazoea ya miaka kumi na mmoja, nikaona taa moja inawaka. Kuna mgeni anazungumza na kwao. Nikiing'oa fyuzi hii mtambo wa simu unazimika naye anakatwa. Nikachukua kisikizi nisikie kama anakaribia kumaliza. Alikuwa mama mzee, analia. Lugha yake siijui, lakini alikuwa analia kama mtu anayepewa habari za msiba, na upande wa pili mtu mwingine analia naye. Nikasema moyoni, dakika mbili tu. Huyu akimaliza, nang'oa.

Wallahi sikuona kosa. Nilijiona mtu mwema.

Kupitia tundu nikamsikia Mutua anauliza, taratibu, huku akiimba imba:

"Stima bado?"

Na mimi nikajibu kwa sauti nzuri ya opereta, "Bado, fundi."

Nilikusudia kusema sijaikata bado. Yeye alisikia kwamba bado haijarudi. Testa ilikuwa mfukoni mwake. Hakuitoa, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshamjibu.

Sikusikia ukelele. Watu hufikiri mtu akishikwa na stima anapiga kelele, si kweli, stima inakaba koo pamoja na mkono. Nilichosikia ni wimbo kukatika katikati ya neno. Halafu bisibisi ikaanguka kwenye saruji, halafu raki likaanza kutetemeka, chuma kinagonga chuma haraka haraka. Nikaita, "Fundi?" Nikaita tena kwa jina. Raki likaendelea kutetemeka. Miguu yangu yote ilitaka kukimbilia kule ndani, nimshike, nimvute. Sijui ni kitu gani kilichonizuia, ila nilisikia maneno yake mwenyewe, kata kwanza, na mikono yangu ikang'oa fyuzi zote mbili kwa mpigo mmoja. Taa ya mgeni mezani ikazimika. Yule mama akakatwa na kilio chake, na mpaka leo sijui alikuwa anamlilia nani.

Nilipoingia alikuwa ameshateleza ubavuni mwa raki, kichwa kimeegemea katoni ya ruta. Midomo imekuwa rangi ya jivu. Nilimlaza, nikamwita, sikuona kifua kikipanda. Hapo ndipo nilipopiga kelele, na aliyekuja kwanza alikuwa Kassim, mlinzi wa bwawa la kuogelea, kaptura yake inachuruzika maji kwenye zulia la mapokezi. Hakuuliza kitu. Alimwinua kidevu, akambana pua, akampulizia pumzi yake mdomoni, akamgandamiza kifua, akapuliza tena. Mimi nilisimama pale nikisoma kila dua niliyoijua, na nyingine nikizichanganya, mwanzo wa hii na mwisho wa ile.

Nimezaa watoto wanne, nimepokea wajukuu, nimekaa na wagonjwa mpaka dakika yao ya mwisho. Sijapata kuona kitu kama kile. Kifua cha mtu mzima, baba wa watu, kimelala kama gogo, halafu kikapanda chenyewe. Mara moja tu, kidogo. Kassim akatoa mdomo wake akangoja. Kikapanda tena. Subhanallah. Pumzi ilirudi kwa hatua ndogo ndogo, kama mgeni anayepiga hodi na hajui kama atakaribishwa, na sisi wawili tulikuwa tumepiga magoti tunaitazama, hatuthubutu hata kusogea. Nilijua siku ile kwamba uhai si wetu. Tumeazimwa tu, na mwenyewe akitaka anauchukua kupitia kwenye soketi.

Alipelekwa hospitali kwa gari la hoteli. Vidole viwili vya mkono wa kulia viliungua mpaka ndani, na kwenye kiwiko palikuwa na tundu dogo ambapo stima ilitokea. Daktari alisema kidogo tu zaidi ya pale moyo usingestahimili.

Meneja akataka maelezo kwa maandishi. Hapo ndipo nilipowajua watu. Wenzangu wote, wenye kunipenda na wasionipenda, walinishauri jambo moja: andika kwamba fundi hakupima kwa testa. Na ilikuwa kweli, hakupima. Ningeliandika hivyo, hakuna neno hata moja la uongo, kazi yangu ingebaki na kosa lingekuwa lake. Nilikaa na ile karatasi siku tatu. Kila nikishika kalamu nasikia ule wimbo unakatika.

Siku ya nne nikanunua sukari na mikate miwili, nikapanda Shimba Hills kumpa pole. Mkewe alinipokea vizuri mno, akanitengea uji na viazi vitamu, hajui kama anamkaribisha aliyemfanyia mumewe vile. Mutua alikuwa amekaa mlangoni, mkono wa kulia umefungwa bandeji, kwa wa kushoto anapukuchua mahindi. Nikamwamkia. Akaitika marahaba, sawasawa, bila kukosea. Nikamweleza yote. Mama mzee, kilio, mkono wangu juu ya fyuzi, na lile "bado" nililijibu kwa maana gani. Nilimwambia ni mimi.

Alimaliza kwanza kupukuchua gunzi alilokuwa nalo. Kisha akasema:

"Mwanamisi, mimi niliuliza swali mbaya. Mtu hawezi kujibu vizuri swali mbaya. Na testa ilikuwa kwa mfuko yangu."

Nikamwambia, lakini wewe uliniamini. Akasema ndiyo, na si kosa kumwamini mtu, kosa ni kumwachia mtu kazi ya testa. Halafu akanitaka nimweleze tena habari za yule mama aliyekuwa analia, kama alipata kumpigia simu tena mtu wake. Mimi nilikuja na dhambi yangu ya kumwua, naye anaulizia habari za mgeni wa watu. Nililia pale mlangoni mbele ya kuku na mkewe, na mkewe akanibembeleza kwa Kikamba, sikuelewa neno na nikatulia.

Maelezo niliyaandika usiku ule ule, yote, langu na lake, na kwamba ubao wa fyuzi hauna kufuli na chumba hakina njia ya kujulisha. Meneja alifura, lakini kufuli ilinunuliwa, na kazi yangu sikupoteza.

Basi sikilizeni yale tuliyokubaliana, mimi na Mutua, pale mlangoni pake, na msiyaone madogo. Kwenye kazi ya stima hakuna "bado." Hakuna "haya," maana haya ni ndiyo, ni twende, ni kwaheri, ni nimekusikia. Hakuna "tayari," maana tayari kwa nini? Maneno ni mawili tu: imekatwa, au imo. Anayeuliza anauliza kwa hayo, anayejibu anajibu kwa hayo, na aliyejibiwa anarudia alichosikia kwa sauti kabla ya kunyoosha kidole. Kisha testa, mara tatu. Na fyuzi zikishang'olewa haziachwi ubaoni wala juu ya meza. Zinakaa mfukoni mwa yule anayetia mkono, yeye mwenyewe, ili hakuna mtu duniani, awe meneja, awe mama wa usafi, anayeweza kuzirudisha bila kumwomba. Hiyo ndiyo sheria. Ninyi ifuateni hivyo hivyo, wala msifuate hili ninalolisimulia sasa.

Mutua alirudi kazini baada ya wiki saba. Meneja alikuwa ametaka kuleta mafundi wengine, yeye akatuma salamu kwamba kazi aliyoianza ataimaliza mwenyewe. Alikuja asubuhi, vidole viwili vimepinda ndani haviwezi kunyooka. Karakana nzima ilikuja kuangalia, hata wale wa dobi. Nilikuwa nimevua bangili tangu nyumbani. Nilikuwa na hakika ataniweka mbali, anipe kazi ya kushika tochi au kuchana katoni, na nilikuwa nimejiambia nitaikubali na nisinune, maana ni haki yake.

Alitoka nje hadi kwenye ubao pamoja nami. Akang'oa fyuzi mbili kwa mkono wake wa kushoto, akafunga kufuli. Tukaingia ndani, akapima kwa testa mara tatu, nami nikarudia kwa sauti kila alichoona. Kisha akazitia zile fyuzi mfukoni, akapiga magoti nyuma ya raki, mahali pale pale.

Akaupeleka mkono kwenye soketi, akaurudisha, akaupeleka tena, akaurudisha. Kumbe na yeye alikuwa anaogopa, wiki saba zote alikuwa anaogopa, na alikuja hivyo hivyo. Akazitoa fyuzi mfukoni, akazitia kwenye kiganja changu na kunifunga vidole juu yake.

"Hizi zikae na mtu anajua zinaua," akasema. "Hapa hoteli yote, ni wewe peke yako."

Nilitaka kukataa, nimkumbushe sheria tuliyoitunga wenyewe. Lakini alikuwa ameshageuka, na ameanza kuimba. Nikasimama pale na kauri mbili zimenibana kiganjani, sithubutu hata kujikuna. Akautia ndani mkono ule ule wenye vidole vilivyopinda, akafanya kazi kwa muda wa saa nzima, na katika saa ile yote hakugeuka kunitazama hata mara moja.